Jembe la Kwanza

S.L.P. Usa River
13 Machi 1994

Wifi yangu Tabea,

Bwana Yesu asifiwe. Nakuandikia nimekaa jikoni, maharage yako motoni, kwa hiyo ukiona karatasi ina masizi usidhani nimemkosea adabu mke wa waziri. Sisi wazima. Kaka yako Anaeli goti bado linamsumbua, ila anashinda migombani vilevile. Irine wangu amepanda darasa la tatu na anaringa na zile kalamu ulizomletea Krismasi. Mama hajambo. Asubuhi kifua kinambana, lakini mdomo uko salama, jana kamwambia mchungaji akapanguse viatu kwanza ndiyo aingie kumwombea. Kahawa tumeuza. Siku hizi wanunuzi ni wengi, kila mmoja na mzani wake na kila mzani na uongo wake, hayo tuyaache.

Sasa sikiliza. Alikuja bwana mmoja wa ofisi ya maji kwenye mkutano wa kijiji, akasema kila mfereji lazima uandikishwe kwa jina la mtu, na usioandikishwa utahesabika hauna mwenyewe. Watu wakacheka. Mfereji wa babu yako Sumari eti hauna mwenyewe! Umechimbwa kabla hata kanisa halijajengwa. Lakini yule bwana hakucheka. Basi wazee wakasema aandikwe Anaeli, yeye ndiye mjukuu.

Nikasimama mimi. Ndiyo, mimi mkwe, mbele ya wanaume wote wale. Nikawauliza, huyo Anaeli nani anamjua hata hapo Usa? Siku akitokea tajiri na karatasi zake, Anaeli atamtisha na goti? Aandikwe Tabea. Nani atathubutu kugusa maji ya mke wa waziri? Wanawake wakapiga vigelegele, mambo yakaisha. Mzee Eliud, mkuu wa mfereji, alisita sana, akasema haijawahi kutokea binti aliyeolewa kwa watu akapewa maji ya ukoo. Mwishowe akakubali, ila desturi ibaki ileile: siku ya msaragambo, tunapotoka wote kuzibua mfereji, mwenye mfereji ndiye anayepiga jembe la kwanza, na kabla hajapiga hakuna anayegusa udongo. Mwaka huu Anaeli kakupigia. Mwakani uje mwenyewe, na hivyo viatu vya visigino uviache hukohuko Dar.

Karatasi zitakufikia kupitia ofisi ya shemeji. Tia sahihi upesi. Mama anasema ule vizuri.

Wako wa jikoni,
Catherine


Dar es Salaam
2 Mei 1994

Wifi mpenzi Catherine,

Asifiwe Bwana. Barua yako nimeisoma nikacheka peke yangu mpaka dada wa kazi akaja kuchungulia. Mpe Mama shikamoo yangu, umwambie nimemnunulia sweta zito. Kaka asilazimishe goti. Huku joto ni la kukosesha usingizi, ila afya ipo.

Kazi ndiyo hizi unazozisikia redioni. Wiki iliyopita nilifungua zahanati, juzi nikagawa cherehani, kesho nazindua kikundi cha akina mama wafugaji. Nimekata utepe mwaka huu mpaka mkasi umenizoea. Kila mahali wanaimba jina langu, wananivisha kitenge, napiga picha, nakwenda. Wakati mwingine narudi nyumbani sikumbuki nilikuwa mkoa gani. Usimwambie mtu hayo.

Habari ya mfereji imenigusa moyo, wifi. Kweli watu wazima walikaa wakasema jina la kuaminiwa ni langu? Karatasi zililetwa pamoja na nyingine za Mfuko wangu wa Mama Shambani, gari lilikuwa linanisubiri nje, nikatia sahihi zote. Mheshimiwa alifurahi sana aliposikia, akasema ni jambo la maana.

Mwakani nitakuja kupiga hilo jembe. Uniwekee bakuli la loshoro, yenye maziwa ya mgando.

Akukumbukaye kila siku,
Tabea


S.L.P. Usa River
20 Novemba 1994

Wifi Tabea,

Bwana asifiwe. Sweta limefika, Mama halivui hata jua likiwaka. Anaeli hajambo. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Na mbona mumeo unamwita Mheshimiwa hata kwenye barua yangu? Mimi namjua tangu anakuja kukuposa na suruali ya kuazima. Mika ni Mika.

Nimetania ili nipate nguvu ya kuendelea, maana huku si kwema. Wameweka bomba kwenye banio letu, pale juu kabisa mfereji unapoanzia. Bomba nene, linapita chini ya ardhi pembeni ya mashamba yetu, linateremka mpaka kwenye lile shamba jipya la maua huko chini. Maua, Tabea! Ya kupelekwa Ulaya kwa ndege. Mferejini yanabaki maji ya kulowesha kisigino. Migomba ya chini imeanza kukunja majani. Wanaume walipanda juu kuuliza, wakakuta walinzi wenye virungu. Wakaenda ofisi ya maji. Unajua waliambiwa nini? "Mwenye maji ameridhia." Wakauliza mwenye maji nani. Wakaambiwa, Mama Tabea.

Nikasema ni uongo, wamelitumia jina lako bila wewe kujua. Nimelisema mbele ya watu, nimeapa. Yule bwana wa ofisi anasema maneno ya watu hayamhusu, mwenye jina aje asimame mbele yake aseme kwa mdomo wake kwamba hakuridhia. Basi. Hakuna kingine tunachotaka kwako. Hatutaki blanketi wala cherehani. Njoo useme maneno hayo tu, tukupikie, urudi zako.

Nijibu haraka. Mimi ndiye niliyesema uandikwe wewe, na sasa wananiangalia.

Catherine


MFUKO WA MAMA SHAMBANI
Ofisi ya Mwenyekiti
Dar es Salaam
9 Januari 1995

Ndugu Catherine,

Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 20 Novemba 1994. Mwenyekiti ameagiza ufahamishwe kuwa barua hiyo imepokelewa na inafanyiwa kazi. Amefarijika kuona mwamko wa wanawake wa eneo lako katika suala la maji. Kwa maombi ya misaada mnashauriwa kuunda kikundi chenye katiba na viongozi waliochaguliwa.

Pamoja na barua hii pokea kalenda ya Mfuko ya mwaka huu.

Agnela
Kny. Mwenyekiti


S.L.P. Usa River
26 Februari 1995

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kalenda imefika. Mwezi wa tatu una picha yako umejitwika ndoo, na chini pameandikwa "Mwanamke na Maji". Nimeitundika jikoni juu ya dumu tupu. Nikipuliza moto nakuona. Ndoo ile haikuwa na kitu, Tabea. Mtu aliyejitwika ndoo ya maji hashiki shingo vile. Wazungu unaweza kuwadanganya, mimi huwezi, tumechota wote tangu wasichana.

Ndugu Catherine! Mimi leo ni Ndugu Catherine, na nirejee barua yangu!

Jana ilikuwa msaragambo. Watu walikuja na majembe, ingawa maji ni machozi tu. Anaeli akainua jembe akupigie kama mwaka jana. Mzee Eliud akaushika mpini. Akasema, "Mwanangu, mwaka jana karatasi ilikuwa bado. Sasa wewe si mwenye maji. Mwenye maji tumemwandika sisi wenyewe." Anaeli akashusha jembe. Hakuna aliyegusa udongo. Watu wakageuka wakaondoka kimya, afadhali wangenitukana. Kanisani kwenye kikundi cha wanawake, benchi langu nakaa peke yangu. Maji sasa tunafuata kwenye korongo, mwendo mrefu, na nikifika wenzangu wanakatisha mazungumzo.

Mama naye amesikia. Ameuliza swali moja tu, kama wewe unajua. Nimemwambia hujui. Usinifanye mwongo mbele ya mama yako.

Catherine


Dar es Salaam
17 Aprili 1995

Wifi yangu, dada yangu,

Nisamehe. Ile barua ya ofisi sikuiandika wala sikuiona. Barua zangu zote zinafunguliwa na Agnela, nami nikapewa ya kwako wiki iliyopita pamoja na ile ya Novemba, zimebanwa kwa pini. Usitumie posta tena. Mpe Bariki, kondakta wa basi, atamkabidhi dada wa kazi getini.

Mwambie Mama… hapana, usimwambie kitu. Mpe shikamoo.

Nilimuuliza Mheshimiwa mezani. Nilichagua siku ambayo hatuna wageni. Nikamwambia maji ya nyumbani kwetu yanakwenda kwenye maua, na watu wanasema ni mimi. Aliweka uma chini akaniuliza kama naipenda nyumba hii. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi kula chakula." Kesho yake safari yangu ya Tabora ikafutwa, akaenda mke wa waziri mwingine. Mambo ya shamba lile ni la nani na nani, usiniulize, wifi. Nakuomba, hilo usiniulize.

Lakini nakuja. Tarehe 10 Juni, Jumamosi, nitakuwa Usa kufungua jengo. Nikimaliza hapo napanda juu kwenu. Itisheni msaragambo siku hiyo, nipige jembe mwenyewe mbele ya wote. Jumatatu twende na wewe kwa yule bwana wa maji nikaseme. Nimeamua. Nimechoka kuwa picha ya kalenda.

Usimwambie mtu zaidi ya Kaka na Mzee Eliud.

Tabea


S.L.P. Usa River
18 Juni 1995

Tabea,

Nilimwambia kila mtu. Ulinikataza, lakini ningewezaje kunyamaza, furaha ilinizidi. Benchi langu kanisani likajaa Jumapili hiyohiyo.

Jumamosi tulikuwepo wote banioni tangu alfajiri. Walinzi walipoona watu wengi vile walisogea pembeni. Mzee Eliud alikuwa amekuchongea mpini mpya wa jembe, mwembamba, akasema mikono yako itakuwa imelainika. Loshoro ilikuwa tayari. Kwaya ilivaa sare. Tukakaa. Jua likapanda, likageuka. Watu walianza kuulizana kwa macho. Ndipo Irine akaja anakimbia kutoka chini, anasema magari ya shangazi yapo kwenye shamba la maua.

Nikateremka kwa miguu na kanga yangu ya kwaya, wanawake wengine nyuma yangu. Tukafika barabarani wakati mnatoka. Kumbe jengo ulilosema ndilo lile, wanapofungia maua kwenye maboksi! Ulikuwa umekata utepe wao. Gari lako lilipunguza mwendo kwa ajili ya watu, kioo kiko nusu. Nikaita, "Tabea!" Si Mama, si Mheshimiwa. Niliita kama tulivyokuwa tunaitana migombani. Ukageuka. Uliniangalia machoni, ukanipungia. Mkono uleule, kiganja kinageuka polepole, kama unavyowapungia watoto wa shule.

Kisha mkaenda uwanja wa ndege.

Nilipandaje mlima kurudi kuwaambia, sijui. Nilipofika hawakuuliza. Mzee Eliud alikuwa anaondoa ule mpini kwenye jembe, anagonga jiwe, anagonga jiwe.

Sina habari za nyumbani za kukuandikia.

Catherine


Dar es Salaam
21 Januari 1996

Catherine,

Salamu sijui nianzie wapi. Barua hii nimeiandika mara nyingi nikaichana. Natumaini mko hai.

Nilikuona. Nilikuona hata kabla hujaniita. Mika alikuwa kando yangu. Asubuhi ile nilimwambia nikitoka hapa nakwenda nyumbani, akanijibu sawa, tutaona. Tulipoingia kwenye gari dereva hakuniuliza, akashika njia ya uwanja wa ndege. Nikakuona wewe pale na kanga ya kwaya, na midomo yako inaita jina langu. Mika akasema taratibu, "Punga." Nikapunga. Nimefundishwa kupunga, wifi, mkono ulikwenda wenyewe. Tulipopita akanipa leso.

Yaliyotokea baada ya uchaguzi unayajua. Mika hakutajwa. Siku waliyosoma majina ya mawaziri redioni simu haikulia, na mpaka leo hailii. Nyumba tumeambiwa tuiachie. Mfuko umepata mwenyekiti mwingine. Nilikwenda kuchukua vitu vyangu, Agnela akaniuliza kama nina miadi. Mika amekwenda kwao, hakuniambia nimfuate. Nadhani kuna mtu huko. Nadhani yupo siku nyingi.

Wiki mbili zilizopita nilipanda basi la Arusha, peke yangu, kitambaa nimekifunga mpaka kwenye nyusi. Nilikwenda ofisi ya maji kusema yale maneno. Yule bwana alinisikiliza kwa adabu. Akaniambia nimechelewa, maji yalishahamishiwa kwenye shamba la maua, na aliyeyahamisha ni mimi. Nilitia sahihi siku ileile ya kwanza, karatasi zote zilikuwa pamoja, za kupokea na za kutoa. Sikusoma, Catherine. Mlinipa maji ya babu yangu nami nikayatoa kabla wino haujakauka, gari likiwa linaunguruma nje, nimechelewa kwenda kuhutubia habari za maji.

Nilitoka pale nikalala kwa mtu Kisongo. Asubuhi nilifika mpaka Makumira, hapo chini yenu. Niliona mlima, niliona paa la kanisa. Nikavuka barabara nikapanda basi la kurudi.

Sina tena mahali. Kama naweza kulala chumba kimoja na Mama, niambie. Kama haiwezekani, niambie pia. Barua yako ya mwisho haikumtaja hata kidogo. Ni mara ya kwanza. Yupo?

Tabea


S.L.P. Usa River
11 Februari 1996

Tabea,

Bwana Yesu asifiwe. Mama yupo.

Sikumtaja kwa sababu alinikataza. Siku ile ya kukusubiri alikuwa banioni na sisi, tulimpandisha kwa kumshika huku na huku, amevaa sweta lako. Alibaki pale wakati watu wote wameondoka. Akasema, "Usimwandikie habari zangu. Akitaka kujua atakuja." Nikamtii. Sasa simtii, na nakwambia yote.

Migomba ya chini imekufa. Mibuni Anaeli ameing'oa mwenyewe, akakaa juu ya magogo akalia kama mtoto, nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Vijana wa hapa asubuhi wanateremka kwenda kukata maua kwa kibarua, na Irine akimaliza shule anataka kwenda hukohuko. Ng'ombe tumeuza. Yule uliyemsikia kazaliwa, naye tumemuuza. Usije ukadhani kuna kitu kinakungoja.

Jana ilikuwa siku ya msaragambo. Hakuna aliyeitisha, nani aitishe msaragambo wa mfereji mkavu? Asubuhi nikaenda kumpa Mama uji, sikumkuta. Jembe la nyuma ya mlango halipo. Tukamtafuta mpaka majirani wakatoka. Tulimkuta mferejini, kule juu, ameingia ndani ya mtaro, amejifunga kanga kiunoni, analima. Udongo mgumu, jembe linadunda. Mzee Eliud akamwambia kwa upole, "Mama Anaeli, toka humo." Hakutoka. Akasema, "Mwenye mfereji ni Tabea. Tabea hayupo, mimi ndiye damu yake. Nimempigia jembe la kwanza. Anayetaka kulima na aingie."

Watu walikuwa wengi pale juu ukingoni. Nikawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeingia. Hata Anaeli. Hata mimi, Tabea, jembe nilikuwa nalo begani na sikuingia. Tulisimama tukimwangalia akilima peke yake mpaka akaishiwa pumzi akaketi humohumo, kifua kinapiga filimbi. Ndipo Anaeli akashuka akambeba.

Leo asubuhi ameamka akauliza jembe liko wapi. Nimelificha. Amesema atalima kwa mikono, kila Jumamosi, mpaka mwenyewe aje ampokee. Na atalima, unamjua.

Mimi sijakusamehe. Nakuandikia hilo wazi ili usije ukalitafuta usoni pangu. Watu hawatakuimbia, benchi langu kanisani lina nafasi tele, na maji ya kuoga utafuata korongoni kama sisi. Lakini Jumamosi haiko mbali, na yule mwanamke kifua chake hakitaweza.

Njoo. Huo mkono ulionipungia, njoo nao umpokee mama yako jembe.

Catherine